Seziamu ama eksirei kwa maabara ya kushea?

Hapa Nairobi tukiongea mashine ya kupiga seli miale, ya kutumiwa na watu wengi, ya seziamu-137 (madini yanayotoa miale yenyewe) ni tamu kwa kazi, miale haingoji stima na nguvu yake inashuka polepole sana, kama miaka 30 ndo ifike nusu. Lakini haizimwi hata usiku, iko tu ndani ya kasha la madini ya risasi inatoa miale, inataka ulinzi na leseni, na ikizeeka utaipeleka wapi?

Eksirei ukizima imezimika. Shida ni stima, tyubu ya kutoa miale kuchoka, na haipenyi ndani kama gama, ile miale ya seziamu.

Sasa oksijeni, hapa ndo watu huharibu kazi, umekalisha seli kwa kabati ya oksijeni kidogo, asilimia 1, siku nzima halafu unatembea nazo koridoni sahani haijafungwa, hewa yenye oksijeni asilimia 21 inaingia, na seli zilizokosa oksijeni kabisa huhitaji dozi ya miale karibu mara 3 ndo zife kama zenye hewa (kwa asilimia 1 tofauti ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo), so majibu yako yashabadilika. Zifunge kwa kiboksi kisichopitisha hewa kwanza!

Mi nachukua eksirei, iwekwe mlango wa pili kutoka kabati ya oksijeni kidogo, na jenereta.