Traka ya begi kwa anayeruka hadi Kisumu kwenda kupanda Elgon: uzoefu wangu

Kidude hiki kinastahili hela yake, ila si kwa sababu ile wauzaji wanayoitangaza. Hakikuletei begi. Ukiwa kando ya mkanda wa mizigo uliokwisha kuzunguka pale uwanja wa ndege wa Kisumu, na gari la Kitale, mji wa kuanzia safari ya Elgon, linakusubiri nje, kinakujibu swali moja: ningoje, au nipande Elgon kwa vifaa vya kuokoteza? Jibu hilo peke yake linarudisha bei, maana kila siku unayolala Kisumu ni siku ambayo huenda umeshamlipia mpagazi na muongozaji.

Nimetumia AirTag ya Apple na pia vile vya Android vinavyofanya kazi na mtandao wa Google wa Find Hub. Vyote havina GPS wala laini ya simu. Hutoa mawimbi ya Bluetooth, simu ya mtu yeyote ikipita karibu inayanasa na kupeleka eneo bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo ubora wake unategemea simu zilizo jirani na begi. AirTag husikika vizuri kwenye viwanja vikubwa kama Dubai, Amsterdam au JKIA (uwanja mkuu wa Nairobi), lakini Kisumu na kwingineko magharibi mwa Kenya wengi wanatumia Android, na hapo taarifa huja kwa kusuasua. Vya Android navyo vina kikwazo chao: simu nyingi zimeachwa kwenye mpangilio wa kawaida, ambao haupeleki eneo mpaka simu kadhaa zikinase kidude kile kile. Kwenye ukumbi uliojaa watu sawa. Kwenye stoo ya mizigo yenye mlinzi mmoja, usitarajie kitu. Nunua kinacholingana na simu yako, usijisumbue na zaidi.

Kosa ninaloliona sana ni kusoma ramani bila kusoma saa. Chini ya alama ya begi kuna maandishi ya lini lilionekana mara ya mwisho. "Nairobi, saa 5 zilizopita" haina maana kwamba begi liko Nairobi. Huenda limeshapakiwa na liko angani, ambako hakuna simu ya kulipasha. "Nairobi, dakika 4 zilizopita" wakati wewe umeshatua Kisumu, hiyo ndiyo habari. Kingine: kabla ndege haijaondoka, fungua programu ukiwa kitini. Ikionyesha begi liko karibu nawe, huenda limo kwenye buti la ndege. Isipoonyesha, usihukumu, kwa sababu bati la ndege huzuia mawimbi.

Chuma namna hiyohiyo ndicho kinachowaangusha wanaotumbukiza kidude katikati ya begi, chini ya sufuria na jiko. Mimi hukiweka kwenye mfuko wa ndani wa kifuniko cha juu, kitambaa kimoja tu kati yake na nje. Mfuko wa nje hapana, zipu yake hufunguka mizigo ikirushwa. Betri ni CR2032, hukaa mwaka hivi, lakini angalia unayonunua: zile zilizopakwa kitu kichungu ili watoto wasizimeze wakati mwingine hazigusani vizuri na pini za AirTag. Ukiibadilisha usisikie mlio, jaribu isiyopakwa. Uzito ni gramu 11 hivi, na betri ndogo namna hiyo inaruhusiwa kwenye begi la chini ya ndege. Pawabenki ndiyo hairuhusiwi huko, ile ipande nawe.

Kabla ya teknolojia yoyote, soma lebo ndefu ya karatasi anayokufungia mtu wa kaunta siku ya kuondoka. Herufi tatu kubwa ndizo mwisho wa safari ya begi: KIS ni Kisumu, EDL Eldoret, NBO ni JKIA. Ukiona NBO na wewe unaendelea mpaka Kisumu, begi litabaki likizunguka Nairobi na hakuna aliyekosea. Hilo huwapata hasa walionunua tiketi mbili mbali mbali. Ng'oa lebo za safari zilizopita na vile vistika vidogo vya msimbo, kwa sababu mashine inaweza kusoma cha zamani. Mikanda ya begi la mgongoni ifunge ndani au ulivishe begi gunia lake. Mkanda ukinaswa na mashine, lebo hukatika na begi linakuwa halina jina. Ndani, juu kabisa, weka karatasi yenye jina, namba ya simu na unakoelekea. Sababu nyingine za kuchelewa huna mamlaka nazo: muda mfupi wa kubadilisha ndege Nairobi, au ndege ndogo iliyofika kikomo cha uzito, ikabidi mabegi yangoje inayofuata.

Sasa kaunta. Hapa ndipo kampuni moja iliponiangusha, na jina nawaachia. Nilipewa namba ya simu kwenye kipande cha karatasi na ahadi kwamba "watanicheki". Usikubali. Usitoke ukumbi wa mizigo bila ripoti rasmi, wenyewe huiita PIR, yenye namba ya herufi na tarakimu 10: tatu za mwanzo ni uwanja (KIS), mbili ni kampuni ya ndege, tano ni tarakimu. Namba ile ndiyo inayoingia kwenye mfumo wa kutafuta mabegi. Bila hiyo, hata ukiwaonyesha ramani ya kidude chako, kwao hakuna kesi. Lebo yako nayo ina tarakimu 10, hakikisha zimenakiliwa sawa kwenye ripoti, tarakimu moja ikipinda begi lako linakuwa la mtu mwingine.

Kwenye maelezo ya begi, "nyeusi, ya mgongoni" ni sawa na kutosema kitu. Taja kilicho juu kabisa ukifungua, mfano hema la kijani kwenye mfuko wa chungwa. Kama begi limetoka nje ya nchi, wa forodha wanaweza kutaka kulifungua, kwa hiyo acha namba ya kufuli. Anwani ndiyo watu wanayoichezea. Ukiandika hoteli ya Kisumu na kesho unaondoka, begi litakuja kukaa mapokezi huku wewe uko Chorlim, lango la hifadhi ya Elgon. Andika kwa tarehe: mpaka tarehe fulani Kisumu, baada ya hapo Kitale, kwa mtu fulani, simu fulani. Simu hiyo iwe ya mtu aliye mjini, kwa sababu huko juu mtandao ni wa kubahatisha. Mwachie barua ya kumruhusu kupokea pamoja na nakala ya pasipoti au kitambulisho chako. Uliza kama watalifikisha Kitale kwa gharama yao, na jibu liandikwe. Wakigoma, omba litumwe Eldoret badala ya Kisumu, kwani kutoka huko hadi Kitale ni karibu zaidi.

Hapo ndipo kidude kinapojilipia. iPhone yenye iOS 18.2 au zaidi inakuruhusu kutengeneza kiungo cha kuonyesha eneo la AirTag, mwenye kaunta anakifungua kwenye kivinjari chochote, na hufa chenyewe baada ya siku 7. Ukimwonyesha kwamba begi liko JKIA wakati skrini yake inasema "linatafutwa", mazungumzo hubadilika. Kanuni yangu ni rahisi. Begi likiwa JKIA na taarifa ni ya muda huu, lala Kisumu usiku mmoja, ndege za Nairobi ni kadhaa kwa siku. Likiwa bado ng'ambo, usilisubiri. Nenda Kitale kupitia Kakamega na Webuye, ujipange upya huko. Lisipoonekana popote kwa zaidi ya siku nzima, lihesabu kama halipo.

Kujipanga upya ni rahisi au kugumu kutegemea ulichobeba mkononi. Buti ziwe mguuni, si kwenye begi. Dawa, tochi ya kichwani, jaketi la baridi na koti la mvua ubebe mkononi. Fimbo za kutembelea, kisu na vigingi vya hema haviruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi, na mtungi wa gesi hauruhusiwi kokote. Mkiwa wawili, changanyeni: nusu ya nguo zako kwake, nusu ya zake kwako.

Aliyeweka buti kwenye begi aende soko la Kibuye hapo Kisumu, Jumapili ndiyo siku yake. Mitumba ina buti nzuri za mlima kutoka Ulaya, lakini nyingine ni mtego. Soli ya kati ya povu ikikaa miaka mingi bila kuvaliwa huoza kwa unyevu hata kama ngozi inang'aa kama mpya. Bonyeza povu lile kwa kidole gumba: likiwa na nyufa ndogo au likitoa unga, rudisha. Kunja buti mahali vidole vinapokunjika, usikilize. Gundi iliyokufa hulia. Chungulia mpaka wa soli na ngozi upande wa ncha, ndiko huanza kuachia. Ukipata nzima, bado ipeleke kwa fundi aishone soli kwa uzi mzungukoni, kazi ndogo tu. Jaribu ukiwa na soksi utakazopandia, jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na kisigino ukibandike plasta kabla ya hatua ya kwanza, siyo baada ya lengelenge. Usipopata, gambuti na soksi nzito si aibu kwenye matope ya Elgon. Haishiki kifundo cha mguu, basi punguza mzigo mgongoni.

Sweta za flisi zimejaa pale pale. Jinzi na fulana za pamba ziache, zikilowa hazikauki, na usiku karibu na kilele cha Koitobos, mita 4,222, maji huganda. Hema na mfuko wa kulalia usinunue, waulize waongozaji wa Kitale wakukodishe. Mtungi mdogo wa gesi wa kufunga kwa kuzungusha ni taabu kuupata. Meko, ule mtungi wa gesi wa jikoni, ya kilo 6 ni mzigo wa mpagazi mzima. Spiriti ya duka la dawa kwenye jiko dogo la mkebe inachemsha chai, kwa subira. Na usijaze begi chupa za maji za kutupa: plastiki za matumizi ya mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020. Nunua chupa ya chuma.

Kila ununuzi ulipe kwa M-Pesa, na muuza mitumba mwombe akuandikie risiti hata kwenye karatasi ya daftari, yenye kitu na tarehe. Safari ikiwa ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unaibana kampuni ya ndege mpaka SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa abiria tangu tarehe 28 Desemba 2024. Hicho ni kikomo cha hasara unayoweza kuithibitisha, wala si zawadi. Dai la kuchelewa liandikwe ndani ya siku 21 tangu begi liwekwe mikononi mwako, na la kuharibika ndani ya siku 7. Anayekupokelea Kitale mwambie alifungue na kulipiga picha kabla ya kutia sahihi, kwa sababu siku 7 hizo zinaweza kuisha wewe bado unateremka.