Chupa ya Mdomo Mwembamba: Kuosha Kichwa Bila Kuharibu Rasta

Haya wapenzi wangu, karibuni tena, na leo msikimbie mapema maana hiki nilichoshika nimekisubiri kwa hamu kuwaonyesha. Ni chupa. Chupa tupu ya plastiki yenye mdomo mrefu mwembamba, zile za kupakia dawa kichwani. Ujazo wake na rangi zake mtaviona kwenye picha za wauzaji. Mimi nimekuja kwa ajili ya mdomo huu tu.

Sogeeni karibu na kamera. Mnauona mstari huu kati ya rasta na rasta, hizi nywele za bandia nilizosukiwa? Hapo ndipo ngozi ilipo, na hapo ndipo shampuu inatakiwa ifike. Humu nimeweka shampuu kidogo na maji mengi, iwe nyepesi kabisa. Naingiza ncha kwenye mstari, naminya... hee, mnaona? Inateleza juu ya ngozi, na rasta zenyewe hazijalowa hata kidogo. Nahamia mstari wa pili, naminya tena. Sasa naweka nyama za vidole, siyo kucha, nasugua taratibu papo hapo kwenye mstari. Rasta sizigusi. Ukizifikicha zinatimka, na kule kwenye shina nywele zako zinajisokota mafundo ambayo utayalilia siku ya kufumua. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza linazitosha.

Na lile povu mliangalie, limeshabadilika rangi. Hayo yote ni jasho, mafuta na mba vilivyokuwa vimekaa kichwani. Mtu kichwa kinamwasha, anajipigapiga kwa kiganja, kisha anaongeza mafuta. Mafuta juu ya uchafu, jamani! Kusuka hakumaanishi likizo ya kuosha. Mimi nasema kila baada ya wiki mbili hivi, na ukitoka jasho sana, mapema zaidi.

Kuna mnaosema chupa ya kupuliza inatosha. Ninayo hapa, ngoja nipulize. Haya, shikeni... rasta zimelowa juu, lakini nikifungua mstari, ngozi kavu. Kwa kulainisha rasta huko chini ni nzuri, siikatai, tia maji na kondishina kidogo ya kutosuuza. Kwa ngozi, hapana. Pamba ndiyo siitaki kabisa, inaacha nyuzi zinazonasa kwenye shina na kugeuka uchafu mweupe usiotoka.

Nilitaka kuwaambia chupa hii inafaa na kwa mafuta pia, lakini tazameni: haya mafuta mazito yanakwama, nikiminya kwa nguvu yanamwagika yote mahali pamoja. Basi mafuta mepesi, matone machache. Na maji yatangulie, kwa sababu mafuta hayaleti unyevu, yanasaidia tu ule uliopo usitoke haraka. Kifuniko nacho kinavuja ukiilaza, usiitie kwenye begi. Kuhusu bei, zipo zenye jina kubwa zinazouzwa ghali kuliko hii, na mdomo ni ule ule. Msilipie jina.

Ila nisiwadanganye, hakuna chupa itakayokuokoa na msuko uliokazwa. Ukitoka kwa msusi kichwa kinagonga, na vipele vimetoka kwenye nywele za mbele, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Mwambie alegeze, au fumua hata kama umesukwa leo. Mizizi ikivutwa muda mrefu inakufa, na pale mbele nywele hazioti tena. Wale wa rasta ndefu nene zilizoshikwa na nywele chache, na bado unazifunga juu kwa nguvu, nawasema nyinyi kwa mapenzi.

Na kuhusu muda, wiki sita, zikizidi sana nane. Mmeniuliza mara nyingi lile bonge la nywele linalotoka siku ya kufumua, kwamba rasta zimewakata. Kichwa kwa kawaida kinaangusha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zikiwa zimesukwa hazina pa kuangukia, zinabaki ndani. Kwa wiki sita ni 2,100 hadi 4,200, lazima uone bonge! Tazama ncha: yenye kitone cheupe imedondoka yenyewe. Vipande vifupi visivyo na kitone, hivyo ndivyo vimekatika, na hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Nikishasuuza nakausha mpaka kwenye shina, kwa taulo kisha upepo wa baridi, maana rasta zikilaliwa mbichi zinanuka uvundo. Usiku kitambaa cha satini. Video ijayo ni ya kufumua, hatua kwa hatua, kwa sababu wengi mnalowesha kabla ya kuchambua ule uchafu wa kwenye shina na nywele zinafungamana. Wekeni maswali hapo chini, nitaanza na ya wenye nywele laini zinazokatika mbele.