Uzoefu wangu: kipoza kompyuta cha kompresa kilichokuwa kikikata baridi, na fundi wa friji wa Malindi aliyekitibu

Ukiwa na kipoza kompyuta cha kompresa na kikaleta shida hapa pwani, usianze na maduka ya kompyuta. Kitie kwenye tuktuk ukipeleke kwa fundi wa friji, na afadhali awe yule anayeshughulika na friza za samaki. Mimi nimetengenezewa changu hapa Malindi na fundi wa namna hiyo, mzee mwenye karakana upande wa mji wa kale, na kazi yake nimeiridhia. Zipo kasoro pia, nitazitaja.

Kwa asiyekijua kifaa chenyewe: ni friji ndogo inayokaa chini ya sanduku la kompyuta. Kompresa inaibana gesi, kondensa na feni yake vinaitoa joto hadi inageuka maji, kisha maji hayo yanapita kwenye kapilari, ule mrija mwembamba wa shaba, na kwenda kuchemka ndani ya kichwa cha shaba kilichobanwa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Yakichemka huko yanaondoka na joto. Changu ni cha mtumba kutoka Ulaya na kinatumia R134a, gesi ambayo kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka nyuzi 26 chini ya sifuri. Kazi yangu ni kuchora picha za nyumba kabla hazijajengwa, na prosesa yangu naiendesha kwa kasi kupita ile ya kiwandani, kwa hiyo baridi hiyo naihitaji kikweli.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Nikiwasha, kipimo kinashuka vizuri mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri. Baada ya kitambo kinaanza kupanda, 20, 10, hadi kidhibiti kinaizima kompyuta kuiokoa prosesa. Nikikiacha kipumzike, kinapoa tena kana kwamba hakikuwa na neno. Karakana ya kwanza niliyokwenda haikuuliza chochote kuhusu mwendo huo. Walisema gesi imepungua, wakafunga valvu ya kutoboa (ile inayobanwa juu ya bomba na kulitoboa) kwenye bomba la kurudishia gesi kwa kompresa, wakaongeza gesi, wakanidai pesa yao. Kikafanya kazi kwa muda, halafu shida ikarudi ikiwa mbaya kuliko mwanzo.

Mzee alipoiona valvu ile aliguna. “Mwanangu, gesi hailiwi. Ikipungua, imetoka pahali. Huyu aliyeongeza alipatafuta?”

Kisha akaniuliza maswali ambayo ningependa kila fundi ayaulize: kinapoa kwanza ndipo kikate, au hakipoi tangu mwanzo? Kikipumzika kinarudi? Kondensa inakuwaje wakati baridi imekata, ya moto au vuguvugu? Nilipomjibu, alifunga geji za mgandamizo, akaipa kompresa umeme moja kwa moja bila kidhibiti, tukakaa tukisubiri. Kichwa kilivaa barafu nyeupe. Sauti ya gesi, ule mnong'ono wa maji yanayotoka kapilari, ilisikika wazi ukisogeza sikio. Mara ikanyamaza. Sindano ya geji ya upande wa mgandamizo mdogo ikazama kwenye vakyumu, yaani chini kabisa ya mgandamizo wa hewa ya nje, kondensa ikaanza kupoa, na barafu ya kichwani ikalegea huku kompresa ikiendelea kunguruma.

Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakizungusha kwenye shingo ya kichwa, pale kapilari inapoishia. Haikuchukua muda. Gesi ilipumua kwa nguvu, sindano ikapanda, na baridi ikarudi mbele ya macho yetu. Ndani mlikuwa na maji ya kweli, si gesi iliyogeuka maji. Unyevu kidogo tu unatosha: unazunguka na gesi, ukifika mdomo wa kapilari kwenye baridi kali unaganda na kuziba. Kifaa kikizimwa barafu inayeyuka na njia inafunguka. Kama ingekuwa uchafu umeziba, kitambaa cha moto kisingesaidia kitu. Kama ingekuwa gesi imepungua tu, kingekuwa na baridi hafifu tangu dakika ya kwanza, na barafu ingeshika sehemu ndogo ya kichwa.

Unyevu huo ulizidije baada ya karakana ya kwanza? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote. Kwa kuwa R134a huchemka nyuzi 26 chini ya sifuri, kifaa kinachoshuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, upande wake wa kurudishia unafanya kazi chini ya mgandamizo wa hewa ya nje. Tundu likiwa upande huo, mashine inapokwenda haitoi gesi, inavuta hewa. Na hewa ya Malindi mnaijua. Valvu ya kutoboa ilikuwa imekaa hapo hapo, na mpira wake haukuziba sawasawa. Ndiyo maana povu la sabuni alilopaka kutafuta tundu halikuonyesha kitu mashine ikiwa imewashwa. Lilitoa mapovu mashine ilipozimwa na mgandamizo kusawazika. Isitoshe, mafuta ya kompresa za R134a, yale ya esta, yanakunywa unyevu wa hewani kwa pupa, kwa hiyo mfumo ukiachwa wazi hata kwa muda mfupi huwa umekwisha kuingiwa na unyevu.

Matengenezo yenyewe aliyafanya kwa utaratibu niliousimamia kwa raha. Gesi ya zamani aliivuta akaiweka kwenye mtungi, hakuipulizia hewani. R134a ni miongoni mwa gesi zilizowekwa kwenye makubaliano ya Kigali ya 2016 ya kupunguza matumizi yake, kwa sababu zinaongeza joto duniani, na nilifurahi kuona fundi wa mtaani anayelijali hilo. Akaikata ile valvu, akalehemu kipande kipya kwa fimbo ya fedha huku naitrojeni ikipita ndani ili shaba isifanye masizi. Draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, akabadilisha. Akajaza naitrojeni na kupaka sabuni kila kiungo. Ndipo akafunga pampu ya vakyumu akaiacha ivute kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Joto letu husaidia hapa, maana kwenye vakyumu ya kutosha maji yaliyobaki huchemka yenyewe na kutoka yakiwa mvuke. Alifunga koki za geji, akazima pampu na kwenda kuswali. Aliporudi sindano ilikuwa pale pale, ishara kwamba hapavuji. Gesi aliipima kwa gramu, kwenye mizani ndogo ya jikoni.

Sasa kichwa kinafika nyuzi 34 chini ya sifuri bila kazi, na nikiilemea prosesa kinasimama kwenye 22 chini ya sifuri. Hakijakata tena.

Kasoro. Hana geji ya mikroni, ile inayopima vakyumu kwa usahihi, kwa hiyo ukavu wa mfumo aliuamua kwa sindano na uzoefu. Kwa friza inatosha, kwa kifaa kama hiki ningependa kipimo halisi. Simu hapokei. Msimu wa watalii, Desemba, hoteli zinamvuta huku na huku, utasubiri. Hati ya dhamana haandiki, ingawa alisema kikirudi na ugonjwa ule ule hatanitoza. Nililipa shilingi 6,500, draya na gesi ndani yake, na sioni kwamba ni ghali.

Jambo moja si kazi yake, ukirudi nyumbani unalo mwenyewe: umande. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevunyevu wa asilimia 75, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 25 hivi kitatoa jasho. Sifongo ya zamani iliyozunguka soketi yangu niliikuta imelowa, na maji yalikuwa yameanza kugusa pini. Niliitupa yote. Nimeweka sifongo mpya ya vinyweleo vilivyofungwa, isiyopitisha hewa, mbele na nyuma ya madabodi, nikajaza grisi isiyopitisha umeme kuzunguka soketi, nikaziba kila mwanya. Msibakize mwanya. Hewa ikipata njia, maji yatakusanyika.

Na umeme ukikatika ukarudi hapo hapo, kompresa isiwashwe mpaka mgandamizo usawazike, dakika tano hivi. Ikilazimishwa utasikia tu kinga yake ikilia tik, tik. Nimefunga kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme, kinauzwa kila duka la vifaa vya umeme.

Kilichobaki ni feni ya kondensa. Chumvi imekula beringi yake na inapiga kelele. Nimeagiza nyingine kutoka Mombasa, na mzee amesema nimletee pamoja na kondensa yenyewe aioshe mapezi kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla kusi haijaanza.