Macho yangu hayakuwa na kosa: nilivyohama kutoka M9 kwenda M10

Nimekaa na jambo hili rohoni miezi sasa. Kila nikitaka kuandika hasira zinapanda naacha. Leo naandika nazo hivyo hivyo. Anayetaka kujua kamera ya Leica M10 ina megapikseli ngapi na uzito gani, hayo yapo kila mahali. Mimi nataka kusimulia picha moja ya mama yangu, na kijana mmoja wa dukani aliyeniambia nimezeeka macho.

Nilikuwa na M9 kwa zaidi ya miaka kumi. Ile ndiyo renjifainda ya kwanza ya dijitali yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu) kubwa sawa na fremu ya filamu, ilitoka 2009, na yangu niliinunua imeshatumika. Kwa asiyezijua kamera hizi: huoni picha kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha cha juu, na katikati ya kidirisha kuna kiraka cheupe kinachokuonyesha kitu kile kile mara ya pili. Unazungusha lenzi mpaka vile viwili vinaingiana vinakuwa kimoja, unabonyeza. Hakuna mlio wala kijisanduku cha kijani cha kukuambia tayari. Ndani, ukingo wa nyuma wa lenzi unasukuma kigurudumu kidogo, kigurudumu kinasukuma mkono wa chuma, na mkono huo ndio unaosogeza ile taswira ya pili. Mkono ukienda upande unene wa unywele tu, kidirisha kinakudanganya, nawe huna habari.

Mimi nilikuwa nimeridhika nayo. Kaka yangu ndiye aliyenipigia simu kutoka Unguja akasema, "Dada, biharusi hataki mpiga picha wa kukodi. Anamtaka shangazi yake." Shughuli zetu za wanawake ni za usiku, ndani, taa moja au mbili, moshi wa udi umetanda, na ISO ya M9, yaani uwezo wake wa kupiga penye mwanga hafifu, inaishia 2500. Mimi hata 1250 nilikuwa naiendea kwa woga. M10 ya 2017 inapiga kwenye 6400 bila kunitia aibu. Na tangu M11 itoke 2022 nimekuwa nikiziona M10 zilizotumika kwenye makabati ya maduka huku Ujerumani ninakoishi. Nikavunja akiba ya miaka miwili, nikaitoa na M9 yangu juu yake, tukabadilishana na duka moja ambalo jina lake nalihifadhi.

Siku tatu za kwanza nilikuwa kama mtoto wa Idi mosi. Wamerudisha wembamba wa kamera za filamu, inakaa kiganjani kama iliyopimwa. Mimi navaa miwani, na kwenye M9 pembe za fremu ilikuwa lazima nizitafute kwa kuzungusha jicho. Kwenye M10 kidirisha kimepanuliwa, naona fremu yote ya lenzi ya milimita 50 bila kuisukuma miwani puani. Kile kitufe cha duara cha ISO kilichowekwa juu kushoto, unakivuta kwanza ndiyo kizunguke, nilikuwa nakivuta jikoni hata bila sababu. Dukani walinipa na kadi yenye sahihi: imekaguliwa, iko sawa. Nikaijaribu barabarani mchana, jua kali, lenzi nimeibana kwenye f/8. Kila kitu kali. Sasa najua kwamba f/8 inaficha madhambi mengi: tundu la lenzi likibanwa hivyo, cha karibu na cha mbali vyote hutoka vikali.

Nikafika Unguja. Sitasimulia harusi yote, ila nitasema siku ya pili alasiri, kabla ya wageni, mama yangu alisimama kwenye mlango wa nyumba yetu mtaa wa Malindi. Ni mlango wa marehemu babu, wa kuchonga, wenye misumari mikubwa ya shaba. Amevaa kanga mpya, kikuba cha asumini kifuani, bega ameliegemeza kwenye ubao. Mama hapendi kupigwa picha. Miaka yote ananipungia mkono, "Piga watoto, mwanangu, mimi niache." Siku ile alisimama mwenyewe akanitazama. Nilifungua lenzi mpaka f/2, nikaleta kiraka kwenye jicho lake la kulia, kope mbili zikawa moja, nikapiga fremu tatu. Kwenye skrini ndogo ya nyuma zilionekana safi. Nikamshukuru, nikambusu mkono, nikaenda ndani kwa biharusi.

Niliporudi Ujerumani nikazifungua kwenye kompyuta.

Misumari ya shaba imetoka kali, unaona mpaka vumbi kwenye michongo. Uso wa mama, ambao ulikuwa shibiri moja tu mbele ya ubao, umelainika kama umepigwa nyuma ya moshi. Fremu zote tatu. Nikaenda za usiku: masikio ya watu makali, macho hayapo. Hina ya biharusi haionekani vizuri, wakati mto nyuma ya mkono wake unaweza kuhesabu nyuzi. Picha zaidi ya mia nne za lenzi wazi, zote fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, imekwenda nyuma kwa kiasi kile kile. Nililia. Harusi hairudiwi.

Usiku ule ule nikatoka barazani. Mwezi ulikuwa mpevu. Nikaizungusha lenzi mpaka mwisho wa umbali, nikachungulia: miezi miwili, ubavu kwa ubavu, na lenzi haiendi mbele zaidi. Nikabonyeza kitufe cha LV, ambacho kinaonyesha kile lenzi inachokiona chenyewe kwenye skrini, M9 haikuwa nacho. Pale mwezi ni mmoja, duara kali kama sarafu. Basi lenzi nzima, sensa nzima, kidirisha ndicho kiongo. Mtu hahitaji kuwa fundi kulielewa hilo.

Nikaenda dukani na kompyuta mkononi. Kijana wa kaunta, wa miaka ishirini na kitu, alinianza kwa *du*, ile "wewe" ya Kijerumani ya rafiki au mtoto. Wanaoishi huku wananielewa. Mimi mwanamke wa makamo, hanijui simjui, hata *Sie* yake, ile ya heshima, sikuipata. Kwetu ningengojea shikamoo; huku sikungojea shikamoo, nilingojea heshima ya kawaida wanayopeana wao kwa wao. Nikalimeza hilo kwa sababu nilikuwa na shida. Nikamweleza mwezi, nikamweleza LV. Akatazama picha mbili kati ya mia nne, akafunga kompyuta yangu yeye mwenyewe, akasema kamera hizi zinataka mazoezi, na kwamba baada ya umri fulani macho hupungua, watu wengi wa umri wangu huhamia kamera zinazojilenga zenyewe.

Nilimwomba ajaribu mwenyewe. Akachungulia dirishani sekunde mbili, akasema labda lenzi, lenzi yangu ni ya zamani. Lenzi ile nimeitumia kwenye M9 miaka kumi na picha zake zimekaa kuta za nyumba nne! Na hapo ndipo nilipoiona. M9 yangu, kabatini, nyuma ya kioo, na kibandiko cha bei. Naijua kwa mkwaruzo mdogo chini ya tundu la mkanda wa kulia, aliouacha mtoto wa jirani. Nikamwambia, nipe ile dakika moja tu, niifunge lenzi hii hii, kama ni lenzi au macho itaonekana sasa hivi mbele yako. Akasema hapana. Nikanyoosha mkono kuelekeza, nikiwa bado sijagusa hata kioo, akapaza sauti watu wote wakageuka: usiguse, hiyo ni mali ya duka.

Kusema kweli fokasi iliyokosea siyo iliyoniumiza zaidi. Ni ile sauti. Kitu nilichokishika miaka kumi, nakatazwa kukielekezea kidole kama mwizi.

Mwisho akasema kama nataka warekebishe kidirisha nitalipia, kwa sababu kurekebisha si kasoro, ni matunzo. Wenzangu mlioko Ujerumani msikubali maneno haya. Mfanyabiashara akikuuzia kitu kilichotumika, sheria inakupa angalau mwaka mmoja wa kudai kasoro iliyokuwamo. Mimi siku ile sikudai. Nilikuwa natetemeka, nikachukua vitu vyangu nikaondoka, na hilo najilaumu mpaka leo.

Neno lake lilinikaa. Wiki ile nikaenda kupima macho, maana nilianza kujitilia shaka. Miwani yangu iko sawasawa, haikubadilishwa hata kidogo.

Kuna mzee mmoja fundi katika mji mwingine, mwendo wa treni, anafanyia kazi chumba cha chini cha nyumba yake. Nilimpelekea. Alinivutia kiti, akaniita kwa *Sie* mpaka naondoka, na kabla sijamaliza maelezo akanyamaza, akaenda dirishani, akauelekezea kamera msalaba wa kanisa la mbali. Akanipa nitazame. Misalaba miwili. Akasema imegongwa, mkono umesogea, haukuanza jana. Akaifungua, akakigusa kile kigurudumu kwa kifaa chembamba, akatazama, akakigusa tena. Kila mara alinipa nami nichungulie, mpaka misalaba ikakutana ikawa mmoja. Haikufika nusu saa. Kijana wa dukani angeweza kuyaona haya yote kama angetazama nje kwa dirisha lake mwenyewe kwa nia njema.

Sasa M10 inapiga pale ninapoiambia. Nilikuwa nimeshaandika kwamba asinunue mtu, nafuta. Ni kamera nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, usiku haiogopi, na kidirisha chake ukishakirekebisha hutaki kutoka. Anayetaka kuhama ahame, lakini asitoke dukani kabla hajaifungua lenzi mpaka mwisho, akalenga kitu cha karibu na kitu cha mbali sana, na akalinganisha kidirisha na LV. Dakika tano hizo zingeniokoa.

Lakini nikizilaza picha za zamani na za sasa pamoja, moyo unageuka tena. Sensa ya M9, ya aina iitwayo CCD, iliyotoka Kodak, ilikuwa inazijua ngozi zetu. Weusi wenye joto, na nyekundu ya kanga inakuja nyekundu bila kuomba. Za M10 mpaka nizitoe umanjano kidogo kwenye kompyuta, na bado nakuwa sijaridhika. Ningejua, ningezibakiza zote mbili hata kwa kukopa. Juzi nilipita ng'ambo ya barabara ile, sikuingia. Pale kabatini ilipokuwa pamekaa kitu kingine.

Picha ya mama niliichapisha hivyo hivyo kwa sababu aliidai. Ameitundika sebuleni, anawaonyesha wageni mlango wa baba yake ulivyotoka vizuri. Nimemwambia nikija mwezi wa kumi na mbili nataka asimame tena pale pale. Amekubali. Ila ile kanga, anasema, ameshampa biharusi.