Magadi soda ya pakiti kwa harufu za ndani ya nyumba: inapofaa na inaposhindwa

Kinachonuka hakigeuki kikanukia kwa kupuliziwa marashi. Rafu za maduka ya Arusha na Moshi zimejaa makopo ya kupuliza yenye picha za maua, na kazi yake ni kufunika. Baada ya muda mfupi uvundo unarudi, na marashi nayo bado yapo. Tunachokipima hapa ni kitu cha bei ndogo kuliko makopo hayo: magadi soda ya pakiti, ile nyeupe laini ya kuumulia maandazi. Tunaipa alama nzuri, ila si kwa kila kazi inayosifiwa nayo.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi hukosea. Ukifika soko la Kilombero au Mbuyuni ukaomba magadi tu, utapewa yale ya mawe ya kulainishia maharage na makande. Hayo ni makali zaidi, yanachubua ngozi na kuifanya sufuria ya alumini iwe nyeusi. Unayoitaka ni bikaboneti ya sodiamu tupu. Beking pauda nayo si yenyewe, kwa kuwa imechanganywa na asidi pamoja na wanga, na ukiimwaga kwenye zulia lenye unyevu inaganda kama uji. Kuipima ni rahisi: tia kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Ikitoa povu yenyewe, ni beking pauda. Ikitulia, kisha ikatoa povu baada ya kutiwa siki, ndiyo hiyo.

Magadi soda inafanya kazi kwa sababu harufu nyingi za kuchacha ni asidi: maziwa yaliyomwagika, jasho la viatu, kiporo kilichosahaulika. Yenyewe huzigeuza kuwa chumvi isiyopaa hewani. Shombo la samaki ni kinyume chake, halitokani na asidi, kwa hiyo kibao ulichokatia sato au bakuli la dagaa halitaki magadi soda. Linataka limau au siki: paka, acha dakika 10, suuza. Ndiyo maana hatukubaliani kabisa na ule ushauri wa kuchanganya magadi soda na siki ndani ya sinki. Povu linafurahisha macho, lakini vitu hivyo viwili vinauana palepale, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie kingine kama bado kuna haja.

Kwenye friji ndipo pakiti hii inapoonyesha thamani yake, mradi usafi utangulie. Zima friji, toa kila kitu. Changanya vijiko 2 vya chakula vya magadi soda kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, futa kuta na droo. Kisha vuta mpira wa mlango kwa kidole, mkunjo baada ya mkunjo: utaona mstari mweusi wa ukungu na mabaki ya chakula, na mara nyingi harufu inatoka hapo. Usugue kwa mswaki wa zamani. Angalia pia kitundu kidogo kilicho nyuma kwa ndani, chini kabisa. Umeme ukikatika saa nyingi, nyama kwenye friza huyeyuka, na damu yake huweza kupita humo hadi kwenye kisinia cha maji kilicho nyuma ya friji, juu ya kompresa. Joto la kompresa linaivundisha. Ukisafisha ndani tu ukaacha kisinia hicho, harufu itarudi. Ukishakausha, mwaga gramu 100 za magadi soda kwenye sahani pana, utandaze. Kuiacha ndani ya pakiti iliyokatwa kona ni kuipoteza, kwa kuwa ni ile sehemu ya juu inayogusa hewa ndiyo inayofanya kazi. Ibadilishe kila baada ya miezi 2 hivi.

Godoro la sponji lililokojolewa linahitaji hatua mbili. Kwanza kandamiza kitambaa kikavu hadi kisilowe tena. Nyunyizia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha dakika 15, kausha kwa kukandamiza. Hapo ndipo unapomwaga magadi soda, ukaiacha saa 8, uikung'ute, kisha godoro lianikwe juani pande zote mbili. Mkojo wa siku nyingi ni mgumu zaidi, kwa sababu fuwele za asidi ya uriki hubaki ndani ya sponji na kuanza kunuka upya hewa ikiwa na unyevu. Godoro lililoonekana limepona Januari linaweza kunuka tena masika. Hilo halitaki magadi soda peke yake, linataka dawa ya vimeng'enya (enzaimu) iliyotengenezwa kwa ajili ya mkojo.

Harufu ya choo au mtaro ndani ya nyumba ndiyo inayotafunia watu hela bure. Chini ya sinki kuna bomba lililopinda, na chini ya tundu la sakafu ya bafu kuna mtego kama huo. Maji yanayokaa humo, kwa kawaida kimo cha sentimita 5 hivi, ndiyo kizuizi cha gesi ya shimo. Bafu la wageni lisipotumika wiki kadhaa, maji hukauka na gesi hupanda. Mwaga lita 1 kwenye kila tundu, subiri saa moja. Harufu ikiisha, tatizo umelijua, na kijiko cha mafuta ya kula juu ya maji hayo kitachelewesha kukauka. Maji yakiendelea kutoweka na sinki likigugumia kila choo kinapovutwa, mwite fundi bomba aangalie bomba la kupumulia. Mafuta yaliyoganda kwenye bomba la jikoni yanaondoka vizuri zaidi kwa yale magadi ya mawe: nusu kikombe yaliyosagwa, kwenye lita 2 za maji ya moto yasiyochemka, maana yanayochemka hulegeza maungio ya plastiki.

Panya aliyefia darini hana dawa ya pakiti. Fuata nzi na doa, umtoe.

Harufu kama ya kitunguu kilichooza karibu na jiko huenda ni gesi ya mtungi inayovuja, na gesi hiyo hutambaa chini. Funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi yoyote. Na jiki isikutane kamwe na siki, limau wala mkojo: inatoa gesi inayounguza mapafu.

Kabatini, baridi ya Juni na Julai inapoleta uvundo wa nguo, nusu kilo ya mkaa mkavu kwenye kikapu inavuta unyevu kuliko magadi soda, nao unaweza kuanikwa juani na kurudishwa. Vile vidonge vyeupe vya naftalini hatuvipendekezi penye mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, akivuta hewa yake au akifunikwa blanketi lililokaa navyo, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu nunua pakiti 4 za gramu 100 na siki nyeupe lita 1. Siki ya kahawia inaacha doa. Pakiti zihifadhiwe kwenye kopo lenye mfuniko, na ile iliyokaa ndani ya friji isirudi kwenye unga wa maandazi. Imalizie kusugulia sinki.