Mashine za kufunga bendi za chuma: uzoefu wangu na shaba, nondo na mabomba

Shaba inayoshuka kutoka Katanga na Zambia kwenda Bandari ya Dar es Salaam husafiri kwa semi treila, bamba juu ya bamba, zikiwa zimefungwa bendi za chuma. Fungu moja lina tani mbili hivi, mengine mbili na nusu. Bendi ikikatika njiani, fungu hilo lazima lifungwe upya ghalani kabla ya kuingia kwenye kontena. Kazi hiyo, pamoja na kufunga nondo na mabomba ya wateja wa hapa mjini, imenipitisha kwenye aina karibu zote za mashine za bendi za kushika mkononi. Namwandikia msimamizi wa ghala anayetaka kununua, maana wauzaji wengi humwanzishia kwenye bei, wakati swali la kwanza ni umbo la mzigo.

Mashine ya kukazia iliyozoeleka, ile yenye gurudumu la meno na mpini wa kuvuta mbele na nyuma, ina mguu mwembamba wa chuma unaoingia chini ya bendi. Juu ya kreti la mbao au fungu la shaba lenye uso bapa, mguu huo hauna tatizo lolote: unakaza, unabana klipu (kipande kidogo cha bati kinachounganisha ncha mbili za bendi), unachomoa mashine, na bendi inabaki imeshika. Ipeleke mashine hiyohiyo kwenye mabomba. Kwanza haina pa kukaa. Pili, ukishachomoa mguu, nafasi uliyokuwa umeichukua inageuka ulegevu, na bunda dogo la mviringo halihitaji ulegevu mkubwa ili lianze kucheza. Kwa macho linaonekana limefungwa vizuri, ila ukiigonga bendi kwa kidole unasikia haiitiki.

Kwa nondo na mabomba nunua mashine ya kusukuma. Hii haina mguu chini ya bendi. Pua yake inaegemea klipu, kisha inavuta bendi kupitia ndani ya klipu hiyo. Klipu yake unaivisha kwenye bendi kabla ya kukaza, tofauti na ile ya wazi unayoipachika juu baada ya kukaza. Vijana hulalamika mwanzoni kwamba inachelewesha. Kweli inachelewesha kidogo, lakini tangu tuanze kuitumia, mabunda ya mabomba yanashuka kwa foklifti yakiwa kitu kimoja, na mimi sibadilishi tena.

Baada ya umbo, njoo kwenye bendi yenyewe. Kwa makreti tunatumia upana wa milimita 19 kwa unene wa 0.5, na kwa shaba, milimita 32 kwa 0.8. Piga hesabu ya upana mara unene: ya kwanza ina milimita za mraba 9.5 za chuma, ya pili 25.6, na hapo hujagusa ubora wa chuma, kwa sababu bendi ya mvuto mkubwa huhimili zaidi ya ile ya kawaida hata vipimo vikiwa sawa. Kila mashine imetengenezwa kwa upana na unene fulani. Ukiweka bendi nyembamba kwenye mashine ya bendi nzito, meno yanaitafuna. Ukiweka nzito kwenye mashine nyepesi, gurudumu linateleza na mfanyakazi anaishia kuning'inia kwenye mpini. Muulize muuzaji vipimo vyote viwili, asikutajie upana peke yake.

Zipo pia mashine zinazofanya yote kwa pamoja bila klipu: inakaza, inatoboa ncha mbili za bendi zilizolaliana ili zishikane zenyewe, halafu inakata. Kwa makreti ya milimita 19 naipenda sana. Hakuna klipu za kununua wala za kupotea, na kazi inakwenda haraka. Lakini kiungo chake kinashika kwa sababu bendi imevutika. Mzigo ukijipanga upya barabarani na bendi ikalegea, kiungo hicho kinaweza kuachia. Kwa hiyo shaba hatuifungi nayo. Pale tunatumia mashine ya kukazia peke yake na kibanio cha klipu peke yake, kile kinachokata pembe za klipu pamoja na bendi na kuzikunja. Kwenye milimita 32 tunabana mara mbili.

Mbao mbichi ni jambo jingine kabisa. Mbao hukauka na kusinyaa, chuma hakirudi kuifuata, basi bendi ya poliesta, ile ya plastiki, inafaa zaidi huko.

Mashine za upepo, zinazoendeshwa na kompresa, nimezitumia pia. Nguvu ya kukaza inakuwa ileile asubuhi na jioni, jambo ambalo mkono wa mtu hauwezi kukupa, na kwa ghala linalofunga mafungu mengi kila siku gharama yake ina maana. Zinataka presha ya takriban bar 6, kichujio cha maji na kifaa cha kutia mafuta kwenye laini ya upepo. Kwa unyevu wa pwani yetu, kompresa isiyotolewa maji huingiza kutu ndani ya mota ya mashine. Kama huna mtu wa kuitunza, baki na ya mkono.

Kuhusu spea nina msimamo mkali. Vinavyokwisha ni gurudumu la meno, kishikizo kinachokabiliana nalo, na visu vya kibanio. Chapa kama Signode na Fromm zina orodha ya vipande vyenye namba, unaagiza kipande unachokihitaji basi. Kuna mashine isiyo na jina niliyoinunua kwa bei nafuu. Gurudumu lilipoisha meno, hakukuwa na aliyeweza kuniuzia jingine, na mashine nzima ikawa chuma chakavu. Yoyote utakayochukua, safisha gurudumu kwa brashi ya waya, kwa sababu unga wa rangi na kutu hujaa kwenye meno na kulifanya liteleze likiwa bado zima.

Katika oda hiyohiyo weka mkasi wa kukatia bendi, miwani na glovu nene. Bendi ya milimita 32 iliyokazwa ikikatwa inaruka kwa nguvu ya kupasua uso, na bado naona maghalani watu wakiikata kwa patasi au kuinyanyua kwa mtaimbo. Mkataji asimame pembeni, na mwenzake asiwepo kwenye mstari wa bendi. Kulabu ya winchi isiguse bendi hata kidogo, kwani bendi imewekwa kushikilia mzigo, haikutengenezwa kuunyanyua.