Matone ya machozi bandia yasiyo na kihifadhi: tathmini ya mtumiaji wa Kampala
Kwa miezi 4 sasa nimekuwa nikitumia matone ya machozi bandia yasiyo na kihifadhi (kemikali ya kuzuia vijidudu visiote ndani ya dawa), yanayouzwa katika vichupa vidogo vya kutumiwa mara moja na kutupwa, kwa kuwa macho yangu hukauka na kuwasha kila msimu wa vumbi, hasa ninaposafiri kwa bodaboda. Matone niliyotumia awali yalikuwa na benzalkoniamu kloridi, kihifadhi ambacho huweza kuukera uso wa jicho mtu anapoyatia mara nyingi kwa siku, nami nilikuwa nikitia hata mara 8. Nafuu niliipata ndani ya wiki 2. Bei yake, lakini, inauma.

Ngozi ya kope iliyokuwa ikibanduka haikusaidiwa na matone hayo; iliyoituliza ni Vaselini isiyo na manukato, niliyoipaka kidogo sana usiku baada ya kuyakanda macho kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Muuzaji mmoja wa dawa alinishauri krimu yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho), nikakataa, maana ikitumiwa kwa muda mrefu kwenye kope bila usimamizi wa daktari huweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho.